Barua ya Heri ya Namba 4418

Daktari Gunvor Sjödin alisoma picha za eksirei za matiti ya wanawake, akitafuta saratani, kwa miaka thelathini na moja, na katika miaka yote hiyo hakukubali sisi wenzake tusome zake. Kila baada ya miaka miwili, zamu yake ikifika, aliwasha gari akaenda kupigwa picha mji wa jirani, kilomita mia na ishirini za misonobari na barafu.

"Niwaachie nyie mnione?" alikuwa akisema. "Kesho yake mtaninywesha kahawa kwa macho ya huruma. Sitaki."

Mimi Kerstin, nesi niliyekuwa nikishughulikia barua za idara, nilimwambia anaringa. Akasema ndiyo, anaringa, na nimpishe apite.

Lakini hakuwa mtu wa makuu. Majira ya baridi alikuja kazini akiteleza kwa mbao zake za theluji, akaanika soksi juu ya kipasha joto mpaka chumba kizima kikanuka sufu iliyolowa, kisha akakaa gizani mbele ya kioo cha kompyuta na kutafuta kidoa kidogo kuliko punje ya mchele. Wanawake wengi wa huku kwetu kaskazini mwa Sweden wako hai kwa sababu ya macho yale, na wala hawamjui.

Zamani kila picha ilisomwa na madaktari wawili. Oktoba moja tuliingia kwenye utafiti: daktari akabaki mmoja, na kiti cha pili kikakaliwa na akili mnemba iliyofundishwa kwa malaki ya picha. Majina yaliondolewa, picha za zamani zikafichwa, na za miji mitatu, ule wa jirani ukiwemo, zikamwagwa kwenye foleni moja ya namba. Wawili hao wakibishana, neno la mwisho lilikuwa la daktari. Gunvor aliiita mashine "mwanafunzi".

Jumanne moja ya Februari aliingia chumba cha kahawa akicheka peke yake.

"Mwanafunzi wetu leo kanivunja mbavu," akasema. "Namba 4418. Kachora duara jekundu pembeni ya kovu, kasema hatari, tena daraja la juu kabisa! Kovu la kutolewa kivimbe cha kawaida, la miaka na miaka hilo."

"Umejuaje ni la miaka?"

"Shoga, si mimi mwenyewe ninalo kama hilo? Titi la kushoto vilevile. Nimeishi nalo nusu ya umri wangu. Nimeandika: salama."

"Na kama kapatia?"

"Akipatia nakupa mbao zangu za theluji. Kula andazi lako, limejaa mdalasini leo."

Nikala. Tukacheka wote wawili, na ile namba ikanikaa kichwani.

Kwangu tu ndiko namba zilikogeuka kuwa majina. Alasiri ile nilikuwa nachapa barua za heri, zile zinazosema picha haikuonyesha dalili yoyote, tutaonana baada ya miaka miwili. Nilikuwa nazikunja bila kuzisoma mpaka ilipopita 4418. Nikaitazama kwa kicheko kilekile cha kahawa. Juu yake paliandikwa Gunvor Sjödin, na mtaa, na nyumba ambayo kila Agosti nakwenda kula kamba wa mtoni.

Nikakaa juu ya katoni ya karatasi.

Kanuni ya utafiti ilikataza kabisa kumtajia msomaji jina, na mimi ni mtu wa kungoja taa nyekundu hata barabara ikiwa tupu. Nasema kweli na aibu yangu: wazo langu la kwanza lilikuwa kulamba bahasha na kuifunga. Nililiwaza hilo kwa muda mrefu kuliko ninavyopenda kukiri. Kisha nikasimama, nikaenda nikaiweka barua mbele yake, wazi.

Aliisoma. Akavua miwani, akaifuta, akaisoma tena.

"Si kweli," akasema. "Kerstin, niambie si kweli."

Akaifungua picha kwenye kioo, na pembeni yake akaweka yake ya miaka miwili nyuma. Kovu lilikuwepo katika zote mbili. Katika ile ya zamani ukingo wake ulikuwa laini. Katika hii mpya, ndani ya duara jekundu, nyuzi nyeupe zilikuwa zimechomoza kuelekea kwapani, na hata mimi nisiye daktari niliziona.

"Nilidhani nalijua," Gunvor akasema polepole. Mkono wake ulipanda kwenye titi la kushoto, juu ya koti jeupe, ukabaki hapo. Mimi nilikuwa nalia. Yeye hakulia.

"Tangu Oktoba nimemkatalia mwanafunzi mara ngapi?"

"Gunvor, kwanza wewe. Nipige simu kwa..."

"Mara ngapi, Kerstin?"

Nikaangalia. "Arobaini na moja."

"Zilete zote."

Alianza na ya kwanza palepale, mkono mmoja ungali kifuani. Kidoa chake kilikuwa saratani ya milimita tisa, wakaitoa mwezi wa Machi, na leo yuko hai. Katika zile arobaini nyingine, wanawake wawili waliitwa tena, na wote wawili walikuwa nayo. Barua zao za heri nilizipeleka posta mwenyewe, wiki moja kabla ya Krismasi.