Kabureta ya Kupandia Tua Mzigo

Mwanaima Mtopela alijifunza ufundi kwa sababu macho ya mume wake yalianza kuingia ukungu. Ilikuwa mwaka 1991, wakati bado wanaishi Nachingwea mjini. Mumewe, Nurdini, alikuwa fundi wa karabai na majiko ya pampu, na kazi hiyo yote iko kwenye tundu moja la shaba, dogo kuliko ncha ya sindano, ambamo mafuta ya taa hupita yakiwa mvuke. Tundu likiziba, taa inafifia. Likipanuka kidogo tu, taa inatoa ndimi nyekundu na masizi. Nurdini alipofikia hatua ya kulitafuta tundu kwa ukucha, Mwanaima aliacha kuuza vitumbua, akaketi kando yake, akawa anamwambia anachokiona. Mwaka uliofuata alikuwa hamwambii tena. Alitengeneza mwenyewe, Nurdini akasikiliza.

Maana masikio ya mzee yalikuwa mazima. Karabai ikiwashwa aliinamisha kichwa, na kabla mtu hajauona mwanga vizuri alikuwa ameshasema, "Hewa nyingi," au, "Hapo sawa, mpe mwenyewe."

Mwaka 1995 Ruangwa ilipofanywa wilaya, wakahamia huku. Mwanaima ndiye aliyesema wahame. Alisema wafanyakazi wa ofisi watakuja, na mfanyakazi wa ofisi hawezi kukaa gizani. Walipata meza sokoni, ikitazamana na meza yangu ya chumvi, na hivyo ndivyo nilivyomfahamu: mwanamke mrefu, Mmwera wa Naipingo, mwenye maneno machache. Akikuuliza swali alikuwa anangoja jibu, na wengi hawakuzoea kungojwa namna ile.

Wafanyakazi walikuja kweli, lakini karabai hazikuja nao. Walikuja na taa za betri na majiko ya utambi ambayo yakiharibika unatupa. Wenye uwezo walinunua jenereta. Kuna siku zilipita Mwanaima hajafungua hata skrubu moja, na alizipitisha akisugua vyuma ambavyo tayari vilikuwa safi.

Kilichomwokoa ni jenereta hizo hizo. Mwenye banda la video alileta yake, inawaka na kuzima. Alikuwa amempelekea fundi wa gereji, akaambiwa injini imekufa. Mwanaima alifuata mpira wa petroli kutoka kwenye tangi mpaka mahali unapoishia, akakuta kitu cha bati jepesi, kikubwa kama ngumi. Ilikuwa kabureta, chombo kinachochanganya petroli na hewa kabla ya kuingia kwenye injini. Akaifungua taratibu, akipanga vipande juu ya kanga kwa mpangilio aliovitolea. Ndani kulikuwa na bakuli dogo la petroli, floti inayoelea humo kuzuia lisijae kupita kiasi, na kipande cha shaba chenye kijitundu katikati.

Akamwekea Nurdini kile kipande kiganjani. "Baba Zuena, hebu shika."

Nurdini alikipapasa kwa muda. "Hiki si kitu chetu hiki?"

"Ndicho. Karabai imelazwa chali, basi."

Jenereta ikawaka jioni ile. Baada ya hapo akaletewa pikipiki ya bwana shamba, halafu ya katekista, halafu jenereta nyingine tatu. Hakuwa fundi wa magari, wala hakujiita hivyo. Ignasi, mwenye gereji karibu na stendi, alikuwa akipita anatania: "Mama wa karabai, lini utatufungulia meli?" Mwanaima hakujibu utani. Alikuwa anaendelea na kazi mpaka anayetania anajisikia vibaya mwenyewe.

Sasa niseme habari za Andrea. Andrea alikuwa Mmakua wa upande wa Masasi, fundi wa pampu za visima, zile za kusukuma kwa mkono. Mradi uliochimba visima ulipofunga kazi na wageni wake kuondoka, ulimwachia Suzuki ndogo ya turubai, yenye kuvuta magurudumu yote manne, pamoja na orodha ya vijiji: Mandawa, Nambilanje na vingine vingi. Pampu ikiharibika popote, walimtumia salamu Andrea.

Mvua kubwa za mwaka 1998 zilikuwa zimeikata barabara ya Nambilanje mahali tunapopaita Tua Mzigo, kwa sababu hata enzi za baiskeli watu walishusha mizigo pale wakapanda kwa zamu. Baada ya mvua zile mlima ulibaki mawe na mifereji. Suzuki ya Andrea ilikuwa inafika katikati, inakohoa, inatoa moshi mweusi, inazima. Akingoja kidogo inawaka, anapanda hatua kumi, inazima tena.

Ignasi alimwambia kabureta imechoka, na hapo alisema kweli. Lakini dawa aliyotoa ilikuwa kabureta kubwa ya pikapu yenye injini kubwa, iliyoagizwa Dar es Salaam. "Mlima unataka nguvu," alisema, "na nguvu ni petroli." Andrea alikubali, na nani asingekubali? Walipoifunga, gari lilikimbia kwenye tambarare kama limeibwa. Watu wa stendi walilishangilia. Kesho yake, Tua Mzigo, lilizima chini zaidi ya pale lilipokuwa likizima mwanzo, likarudi kinyumenyume, na mabomba ya kisima cha Nambilanje yakamwagika korongoni. Andrea alitoka mzima. Akayakusanya mabomba moja moja, akageuza gari.

Huko Nambilanje pampu ilikuwa imekaa mbovu wiki ya tano. Ilikuwa Oktoba, na akina mama walikuwa wanafukua mchanga wa mtoni kutafuta maji.

Andrea alikuja sokoni kesho yake, amechubuka kiwiko. Mke wake alikuwa na jiko la pampu ambalo Mwanaima alilitengeneza mara mbili, na nadhani mke ndiye aliyemtuma. Akaeleza yote akiwa amesimama.

Mwanaima aliuliza, "Linapozima, unasikia harufu ya petroli?"

"Nasikia, mama. Kali."

"Basi halina njaa. Linazama. Nataka kuuona huo mlima."

Alichukua chupa ya dawa ya kikohozi, nyeupe, akaitia maji nusu, akachukua na wanja wake. Mimi nilidhani maji ni ya kunywa. Walipofika Tua Mzigo waliacha gari chini wakapanda kwa miguu. Mahali pakali kuliko pote Mwanaima aliweka ubao juu ya mawe, chupa juu ya ubao, na maji yalipotulia akachora kwa wanja mstari wa pale maji yalipoegemea. Halafu akashuka bondeni, pale barabara inapolala upande kandokando ya korongo, akachora mstari wa pili.

Aliporudi alikwenda moja kwa moja gereji. Sikuwahi kumwona akikanyaga pale. Akamkuta Ignasi chini ya lori.

"Fundi," alisema, "lile pikapu dogo lililokufa hapo nyuma, injini yake si ndugu na ya Suzuki?"

Ignasi akatoa kichwa. "Ndugu kabisa. Ila ni gari la kubebea mboga hilo, mama. Kabureta yake ndogo."

"Niazime."

"Utaifanyia nini?"

"Njoo uone."

Akaja. Sijui alikuja kujifunza au kucheka, lakini alikuja, na alikuja na spana zake. Mwanaima alizipanga kabureta tatu kwenye ubao: ile ya zamani ya Suzuki, ile kubwa ya Dar es Salaam, na ile ya pikapu la mboga ambayo alishinda siku nzima anaisafisha. Akazijaza petroli kwenye mabakuli yake. Watu waliokuwa na sigara aliwafukuza. Kisha akaanza kuunyanyua ubao upande mmoja, pole pole, chupa ikiwa juu yake, mpaka maji ndani ya chupa yakagusa mstari wa wanja.

"Huu ndio mlima," alisema. "Tazameni kooni, hapa hewa inapopita."

Ile ya zamani ilikuwa inavuja matone. Ile kubwa, ambayo bakuli lake limekaa mbele, mbali na koo, ilikuwa inamwaga petroli kooni kama birika. Ile ya pikapu la mboga, ambayo bakuli lake liko ubavuni, karibu na koo, ilikuwa kavu.

Ignasi aliinama akaingiza kidole kwenye koo hilo. Akakitazama. Kilikuwa kikavu.

Nurdini, aliyekuwa ameketi kwenye kigoda chake, aliuliza, "Na ikilala upande je?"

Mwanaima alikuwa anangoja mtu aulize. Akaulaza ubao kufuata mstari wa pili, na ile ndogo ikaanza kuvuja.

Andrea alishika kichwa. "Mama, sasa tumefanya nini?"

"Tumejua ubaya wake. Hizi zote zina ubaya, wewe unachagua ubaya unaoweza kuishi nao. Ikilala na bakuli likiwa upande wa chini haivuji, angalia. Kwenda, pale bondeni, bakuli lako liko chini. Kurudi litakuwa juu."

"Kurudi nitapita wapi?"

"Kwenye mikorosho ya watu. Uwaombe."

Ignasi ndiye aliyeifunga, na aliifunga vizuri. Matundu ya boliti yalikutana. Waya wa kukanyagia mafuta haukufika, wakaunga kwa waya wa breki ya baiskeli. Mwanaima hakutaka kijitundu cha shaba kitekenywe na waya wowote. Alikipuliza tu kwa mdomo. Waliliwasha gari, wakalizungusha mtaani, wakachomoa plagi kuangalia rangi, maana ikiwa nyeusi petroli imezidi. Ilikuwa kahawia, kama ganda la karanga iliyokaangwa. "Hapo sawa," alisema Nurdini, ingawa plagi hakuiona.

Safari ya Nambilanje walikwenda wanne, na mabomba nyuma. Nurdini alikaa mbele. Yeye ndiye aliyenisimulia, ndiyo maana najua zaidi mlima ulivyosikika kuliko ulivyoonekana. Bondeni walipita salama. Wakaanza kupanda. Gari lilikuwa linanguruma kwa pumzi moja, mawe yakipiga chini, na walipopita pale mabomba yalipomwagika Andrea alianza kuimba wimbo wa kanisani. Hapo Nurdini akamgusa mkono. "Nyamaza kidogo. Lina kiu."

Kweli, injini ilianza kukatakata, ikazima. Ignasi aliruka na kuweka mawe nyuma ya magurudumu. Wote walinusa. Hakukuwa na harufu ya petroli.

Mwanaima alisimama akiitazama injini. Nurdini anasema alimsikia akivuta pumzi kama mtu aliyejikwaa.

"Kosa langu," alisema. "Niliogopa isije ikazama, nikaiweka floti chini mno. Inafunga petroli kabla bakuli halijashiba."

"Turudi?" Andrea aliuliza.

"Mimi sishuki. Nipeni skrubu draiva."

Akaifungua pale pale mlimani, ametandika kanga juu ya injini ya moto ili kisidondoke kitu. Ignasi alimshikia mfuniko na boliti, kila moja aliyopewa akaitia katika mfuko wake tofauti. Kiulimi cha floti alikikunja kwa ukucha, kiasi ambacho Ignasi aliapa kwamba hakuona kimesogea. Akafunga. Andrea akawasha, akangoja Nurdini aseme.

"Mpe mwenyewe," alisema Nurdini.

Wakapanda mpaka juu bila kusimama. Na hata juu Andrea hakusimama, kwa kuogopa kujaribu bahati, mpaka walipofika Nambilanje penyewe. Pampu ilichukua siku mbili, kwa sababu bomba moja lilikuwa limepinda, ikabidi linyooshwe. Maji ya kwanza yalitoka mekundu, yakaendelea kutoka mpaka yakawa meupe. Bibi mmoja alimuuliza Mwanaima kwa Kimwera kama yeye ni mke wa fundi. Mwanaima akamjibu kwa lugha hiyo hiyo kwamba fundi ni mke wa huyu mzee. Yule bibi akampa kuku.

Kurudi waliwaomba wenye mikorosho, wakapita.

Kabureta ile ilidumu kwenye Suzuki miaka minane. Ile kubwa Ignasi alimwuzia mtu wa Nachingwea mwenye gari la kukimbia lami, na alimweleza wazi kwamba milimani itamzamisha, zamani asingeeleza. Pikipiki za Kichina zilipoanza kuingia kwa wingi, mwaka 2005 na kuendelea, zilikuja na kabureta za kila namna, na vijana walikuwa wanabadilishiana wakiamini kubwa ndiyo nzuri. Mwanaima alikuwa anawauliza swali moja: unapita wapi na unabeba nini? Wa kwenda mashambani na magunia ya ufuta alimpa moja, wa kuzunguka stendi akampa nyingine. Wengine walikasirika, wakaondoka, wakarudi baada ya wiki wakisukuma.

Ignasi alimtaka ahamie gereji, awe na kona yake mle ndani. Mwanaima alikataa. Alisema gereji ina vumbi na makelele, mzee hatasikia kitu. Ignasi alikwenda akafikiria mwezi mzima. Halafu asubuhi moja nilimwona anashusha nguzo na mabati kwenye kiwanja kilicho wazi nyuma ya meza ya Mwanaima. Alikuwa anahamia yeye.

Walibishana siku nzima, mlango utazame wapi. Ignasi aliutaka barabarani, wateja waone. Mwanaima aliutaka upande usiopigwa na upepo, vumbi lisiingie kwenye shaba. Mlango uko upande usiopigwa na upepo. Wateja wanazunguka nyuma kuufikia, na wanaufikia.