Sura ya Mama kwenye Chupa

Asubuhi ya siku ya tatu baada ya mazishi, Nelima alishuka chemchemini kuteka maji, akamkuta mama yake kwenye matope. Mama alikuwa anatabasamu, amejifunga kile kitambaa chake cha bluu cha kanisani, na mtu alikuwa amemkanyaga usoni kwa gambuti.

Ilikuwa picha, imebandikwa kwenye chupa ya plastiki ya maji ya kunywa. Chini ya picha kulikuwa na jina, Rasoa Nanjala, mwaka aliozaliwa, mwaka aliokufa, na maneno "Pumzika kwa amani." Chupa nyingine ilikuwa imeziba bomba linalotoa maji. Nelima aliziokota moja moja akizipangusa kwa leso yake, na alipofika ya kumi na tisa aliinua macho. Mteremko wote kutoka bomani, kupitia migombani hadi pale alipoinama, ulikuwa umejaa chupa. Kila moja na sura ile ile. Nyingi zilikuwa zimenywewa nusu tu, zikatupwa.

Nelima ana miaka hamsini na minne, na huuza maharagwe katika soko la Kitale. Usidhani alikuwa mtu wa kampeni za mazingira. Serikali ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki, yeye aliendelea kununua kichinichini ile myembamba inayovushwa kutoka Uganda kupitia mpaka wa Lwakhakha, akiificha chini ya gunia na kuwafungia wateja maharagwe. Soda alikunywa, na chupa aliitupa mtaroni kama kila mtu. Lakini mambo mengine hayamwingii mtu mpaka aone uso wa mzazi wake umekanyagwa.

Na kilichomuuma zaidi ni kwamba aliyajua mapema. Mama Rasoa aliongoza kikundi cha akina mama kijijini hapo, upande ule wa Misikhu, kwa zaidi ya miaka thelathini. Kazi yao kubwa ilikuwa kutunza sahani na vikombe vya bati vya matanga. Mtu akifa, sahani zinatoka kwenye stoo ya Rasoa. Matanga yakiisha, zinaoshwa, zinahesabiwa, zinarudi. Siku mama alipofariki, Nelima aliwaambia ndugu zake kwamba watu watalishwa kwa sahani hizo. Sifuna, mdogo wake, ambaye ni mkandarasi Kitale na ana nyumba ya ghorofa, alikataa.

"Dada, wageni wakubwa wanakuja," alisema. "Siwezi kuwapa maji na kikombe ya bati kama wafungwa. Wacha mama azikwe na heshima."

Akaagiza chupa elfu tatu zenye picha ya mama, na sahani za kutupa. Nelima alinyamaza, kwa kuwa mtu aliyefiwa hana nguvu za kubishana. Baadaye alijilaumu kwa kimya hicho kuliko kitu kingine chochote.

Asubuhi hiyo alipanda kutoka chemchemini na chupa kumi na tisa ndani ya leso. Wanaume wa ukoo walikuwa wamekaa kwenye hema wakingoja kunyolewa nywele, kama desturi ya siku ya tatu inavyotaka. Alimwendea Sifuna moja kwa moja.

"Sifuna, mama yuko wapi?"

"Yuko kaburini, dada. Ni nini?"

"Yuko kando ya choo. Yuko kwa zizi ya ng'ombe. Yuko ndani ya maji tunakunywa. Simama uende uone."

Sifuna alitazama zile chupa, akatazama watu. "Si vijana watachoma hiyo takataka, bana. Hiyo ni kazi ya saa moja."

"Wachome uso wa mama?"

Mzee Barasa, baba yao mdogo na msemaji wa ukoo, aliinua mkono. "Nelima mwanangu, leo si siku ya makelele. Tumalize ya leo kwanza."

Waliyamaliza. Walinyolewa, wakahutubiana, wakala, tena kwa sahani za kutupa. Saa tisa alasiri hivi Nelima alisikia harufu. Nyuma ya jikoni vijana walikuwa wamerundika chupa na sahani wakazitia moto. Moshi mweusi mzito uliingia ndani ya nyumba ambamo watoto walikuwa wamelala, na kwenye ukingo wa ule moto karatasi zenye sura ya mama zilikuwa zinajikunja, jicho moja, halafu la pili. Nelima alichukua beseni la maji ya kuoshea vyombo akalimwaga pale. Akaleta la pili. Vijana walicheka mpaka walipomwona macho, wakaondoka.

Hakurudi sokoni wiki hiyo. Alikaa kwa mama, akaokota. Aliyemsaidia ni Viola, binti ya Sifuna, aliyekuwa likizo kutoka chuo. Waliokota mashambani, mitaroni, chini ya ua wa kanisa, hadi kwenye barabara ya kwenda Webuye ambako watu walizirusha kupitia madirisha ya magari. Walipomaliza walikuwa na magunia ishirini na matatu.

"Senge, tutapeleka wapi?" Viola aliuliza, akimwita shangazi yake kwa lugha ya nyumbani.

"Kwa mwenyewe."

Viola alielewa. "Baba atakasirika sana."

"Akasirike. Mimi nimekasirika tangu Jumanne na sijafa."

Jumamosi asubuhi pikapu ya kukodi iliingia katika mtaa wa Sifuna huko Kitale. Mlinzi, Kipsang, alimjua Nelima kama dada ya mwenye nyumba, akafungua geti bila kuuliza. Nelima alifungua gunia la kwanza akalimwaga kwenye nyasi zilizokatwa vizuri. Akamwaga la pili kwenye ngazi. Alipofika la sita, Sifuna alitoka na kikombe cha chai mkononi. Majirani nao walikuwa wameshaanza kuchungulia.

"Dada, unafanya nini?"

"Nimekuletea mama. Ulisema ni heshima, sasa kaa nayo hapa. Ikae mahali wewe na watoto wako mnalala."

"Unanitia aibu kwa watu."

"Na hiyo uliacha Misikhu ni nini? Wewe ulipanda gari ukaenda. Chemchemi ni ya nani? Ile maji mama aliteka akakulea nayo, nani atatoa plastiki ndani yake? Niambie, Sifuna. Ni mimi? Ni wale wamama wazee?"

Alimwaga magunia yote ishirini na matatu. Hakulia. Viola alikuwa amekaa ndani ya pikapu, ameinamisha kichwa, na baba yake hakumwona mpaka gari lilipogeuka.

Ukoo ulimwita Nelima. Mzee Barasa alimwambia amemdhalilisha mwanamume mbele ya geti lake na kwamba anapaswa kuomba msamaha. Nelima alisema ataomba siku Sifuna atakaposhuka chemchemini na gambuti aoshe bomba. Kikao kikavunjika hivyo. Sifuna hakumpigia simu tena, na Nelima naye hakupiga. Sokoni aliacha kuuza kwa ile mifuko ya magendo. Mteja asiye na kikapu alimwambia aende akalete, na wengine walienda kweli, wakanunua kwa jirani wasirudi.

Miezi minane ikapita. Ndipo Dinah akapiga simu kutoka Kamukuywa. Dinah ni mwalimu, aliyeolewa na mpwa wa Mzee Barasa, na mumewe alikuwa amefariki wiki hiyo.

"Nilisikia kile ulifanya kwa Sifuna," alisema. "Kamati ya mazishi inataka kuweka uso wa bwanangu kwa chupa. Kuja uwaambie. Mimi sina nguvu."

Nelima alienda. Kamati ilikuwa watu kumi na wawili, mwenyekiti Mzee Barasa. Alipomwona tu akashusha pumzi. Nelima alisema aliyokuwa nayo, bila kupamba. Mmoja alimjibu kwamba watu watasema marehemu alizikwa kimaskini. Mwingine akasema hii si Misikhu. Kisha mama mmoja aliyekuwa amekaa mlangoni, mikono imepasuka kwa sabuni, akasema neno ambalo Nelima hakulitarajia.

"Wewe unaongea juu ya plastiki. Sahani mia tano, ni nani ataosha? Sisi tulipenda hizo za kutupa kwa sababu siku hiyo na sisi tulikaa chini."

Nelima alimkumbuka Rasoa. Ni kweli mama yake alikuwa akirudi kutoka matanga ya watu usiku, mgongo haunyooki. Hasira yake ikageuka upande, ikawakuta wanaume kumi waliokuwa ndani ya chumba.

"Wataosha hawa," alisema. "Wanakula, waoshe."

Wanaume walicheka. Dinah akasimama, amejishika ukutani. "Msicheke. Mkimaliza kuzika mtaenda kwenu, mimi ndiye nitabaki hapa na takataka yenu. Hakuna chupa."

Mjane akisema hivyo, hakuna wa kumpinga. Mzee Barasa aliandika.

Siku ya mazishi mambo hayakwenda sawa yote. Jamaa kutoka Nairobi walifika na katoni za maji, na Nelima alisimama kwenye lango akawaambia warudishe ndani ya gari, mmoja alimtukana. Foleni ya chakula ilikuwa ndefu kwa sababu ilibidi sahani za bati zioshwe zirudi mezani, na kuna mgeni mkubwa aliyeondoka bila kula. Wanaume walioosha walikuwa saba tu. Nelima aliwahesabu, akawataja kwa majina wale waliokwepa, kwa sauti.

Sifuna alikuja. Alikunywa maji ya pipa kwa kikombe cha bati akiwa amesimama, akasalimu kila mtu isipokuwa dada yake. Watu walipoanza kutawanyika ndipo alipomsogelea.

"Zile chupa nilipeleka kwa jamaa anasaga plastiki," alisema, akiangalia kando. "Picha za mama nilitoa kwanza."

"Ulizitoa wewe mwenyewe, ama ulituma Kipsang?"

Sifuna alitafuta funguo za gari mfukoni.

"Basi," Nelima alisema. Akamwacha pale, akaenda kuwasaidia wale saba kuosha sahani.