Nyumba Isiyo na Usukani

Mama Gia aliendesha lori miaka thelathini na mbili, na kwa usukani huohuo akawasomesha wanawe watatu. Alipostaafu alitaka kitu kimoja tu: gari la kulala, kitanda na jiko nyuma, injini mbele, na mwenyewe kwenye usukani. Wanawe wakaja juu. "Mama, kwa macho hayo? Utatuua kwa presha!"

Badala yake wakamjengea kibanda cha mbao chenye magurudumu, wakakiegesha uani kwa kifungua mimba. Kitanda kimo, jiko limo, dirisha lina pazia.

"Si yaleyale tu, mama?" akasema kitinda mimba.

"Yaleyale wapi! Gari la kulala linakwenda anakotaka mwenyewe. Hiki kinangoja kuvutwa."

Lakini mama ni mama. Alikipokea, akabandika picha ya lori lake ukutani, akapanda maua mlangoni, na ndani ya miezi minne akajiona yuko kwake. Jamani, nani angemlaumu?

Basi asubuhi moja, kikombe cha chai mkononi, sakafu ikatikisika. Chai yote ikamwagikia gauni. "Tetemeko!" akapiga yowe, akatoka mbio. Lo! Trekta lilikuwa limeshafungwa mbele ya kibanda, limeyakanyaga maua yote, na kifungua mimba anamwelekeza dereva kwa mikono.

"Mnanipeleka wapi?"

"Kwa dada, mama. Miezi yetu minne imeisha. Ikiisha yake, utakwenda kwa mdogo wetu. Tulikubaliana tangu kinajengwa."

"Mlikubaliana na nani?"

Mwana akakohoa. "Sisi watatu."

Mama Gia alipigwa na butwaa. Hivi kweli! Mtu aliyevusha mizigo ya watu milima na mabonde, leo mzigo ni yeye, na hata kuulizwa hakuulizwa! Mimi ningetukana. Yeye aliketi kizingitini, akasema taratibu:

"Na nikifa, itakuwa zamu ya nani?"

Dereva wa trekta, mtu baki kabisa, ndiye aliyezima injini. Akashuka, akafungua mnyororo, akamwambia, "Samahani, mama. Mimi niliambiwa nakuja kuvuta kibanda. Sikuambiwa kina mtu."