Msagaji Aliyeitikia Asichosikia

Ambindwile amewasagia mahindi watu wa Makandana tangu ujana wake, ndani ya kibanda cha mabati ambamo mashine inanguruma mpaka kifua kinatetema. Aliwahi kupewa pamba za masikio, akazitupa. "Nikijiziba, nitajuaje kama jiwe limeingia?" Maskini, alijiona mjanja! Nje nako spika za maduka na bodaboda vikazidi kupayuka. Kichwani ukamwanza mluzi usiokatika, usingizi ukamkimbia, presha ikapanda. Daktari akamwambia wazi kwamba masikio yakishaharibiwa na kelele hayarudi.

Akaficha. Kiziwi anachekwa, bwana. Hata mkewe Veronika hakuambiwa. Mtu akimsemesha, yeye hucheka tu na kuitikia, "Ee, sawa sawa."

Basi siku ya posa, asubuhi, binti yake Lusungu alimfuata kibandani mashine ikivuma, akamwinamia sikioni. "Baba, simtaki huyu mtu. Msipokee ng'ombe." Ambindwile akatabasamu, akampigapiga begani. "Ee, mwanangu, sawa sawa." Binti akarudi nyumbani moyo mweupe.

Wageni walipofika, wazee wakamuuliza Lusungu kama ilivyo desturi, "Tupokee?" Akainamisha kichwa, akanyamaza. Aseme nini, na baba keshaambiwa? Lakini kwao kimya cha binti ni ndiyo. Ambindwile akadakia kwa furaha, "Tumepokea!" Lusungu akamtazama. Lo, jicho alilomtazama nalo! Yeye akadhani ni aibu ya mwali.

Mwaka haukuisha, Lusungu akarudi na begi, shavu limevimba. Alimweleza mama yake yote. Veronika akatoka mbio mpaka kwenye mashine, akamfokea mumewe sikioni hadi akasikia: "Alikuambia! Ukamwitikia!"

Majuto ni mjukuu, jamani. Ambindwile alikaa juu ya gunia la pumba akalia, mtu mzima mzima. Kisha akazima mashine mchana kweupe, wateja wakiguna na ndoo zao, akamwita Lusungu. Binti akaja, begi bado mkononi, akaliweka chini.

"Mwanangu, niambie tena lile neno."

Lusungu akasema. Kibanda kilikuwa kimya, midomo yake ikicheza, na Ambindwile akasikia mluzi peke yake. Kichwa kikaanza kuitikia kwa mazoea, akakizuia.

"Sijasikia. Hata siku ile sikusikia, mwanangu. Baba yako ni kiziwi."

Lusungu hakurudia. Alichukua begi lake, akamfuata mama yake aliyesimama mlangoni.