Frigo ya Furaha na Mlango wa Muuzaji

Kuna siku moja haijawahi kunitoka kichwani, mwanangu. Nilikuwa bado msichana, tunakaa Ubwari, kando ya ziwa, na baba yangu alikuwa fundi wa mitumbwi. Mwanaume mmoja wa Lweba alifika kwetu amekasirika, shati limelowa mpaka kifuani: mtumbwi alionunua kwa baba ulikuwa unaingiza maji. Baba alikuwa ameshavaa suruali yake ya sherehe, tunatoka kwenda harusini. Na mimi, huu mdomo wangu haukuanza jana, nikasema kwa sauti, "Baba, alishanunua. Iko yake. Twende."

Baba akaingia ndani, akavua ile suruali nzuri, akavaa ya kazi, akachukua vyombo vyake. "Nilimuuzishia mutumbwi," akaniambia, "sikumuuzishia kuni." Akaondoka na yule mtu. Harusini tulikula bila yeye, na mimi niliona haya.

Baba alikuwa na desturi yake, ujue. Mtu akinunua mtumbwi haondoki hivi hivi. Kwanza baba anapanda naye, wanapiga kasia mpaka mbali, baba anakaa anatazama chini kama kuna maji yanaingia. Halafu anamleta nyumbani kula. Mama alilalamika kila mara, kwa sababu samaki wazuri waliishia kwa wageni. Baba anamwambia mnunuzi, "Kula, na mulango uuone. Siku itaharibika, njia unaijua." Bei yake ilikuwa kali kuliko ya mafundi wengine. Watu walinung'unika, na bado walikuja.

Leo baba tulishamzika, mimi niko hapa Baraka, magoti yananisumbua. Binti yangu wa mwisho, Furaha, anauza samaki sokoni na kulea watoto wake wawili peke yake. Siku za jua kali, samaki kama kuhe na mikebuka wasipouzwa mpaka mchana wanalegea, na jioni anawatoa karibu bure. Nimemwona akirudi na beseni lake, na roho imeniuma. Basi tukaweka akiba, mimi kwa muhogo wangu, yeye kwa samaki wake, tununue frigo ya kugandisha, ya kutumia jua. Pesa ile ilikuwa ya mara moja. Ikipotea, hatuna nyingine, na watoto wanafukuzwa shule.

Siku moja Furaha akanijia mbio na telefone mkononi. "Mama, ona! Iko mupya, iko kubwa, na bei haifike ata nusu ya ile ya ku duka ya Uvira."

Ilikuwa nzuri kweli, sidanganyi. Muuzaji yuko Dubai, anaituma kwa njia zake mwenyewe, inazunguka nchi mbili tatu mpaka itufikie. Wenye kuitengeneza hawakuipanga iuzwe huku kwetu, ndiyo maana bei ikawa chini. Nikamwuliza, "Na garanti?"

"Iko nayo, Mama. Mwaka muzima, imeandikwa."

"Muulize mulango wake iko wapi."

Furaha alicheka mpaka akaegemea ukuta. "Mama! Ni mutu wa ku internet, mulango ya nini?"

"Basi muulize: ikikufa, nani atakuya?"

Akaandika. Yule jamaa, aliyekuwa anajibu mbio mbio wakati wa kutusifia frigo yake, akanyamaza kutwa nzima. Jioni jibu likaja: garanti inafanya kazi katika nchi ile tu frigo ilikouzwa kwanza, ikiharibika, tuirudishe wenyewe, kwa gharama yetu. Na chini akaweka kidole gumba. Kidole gumba, Mungu wangu! Mimi nilicheka. Furaha hakucheka, alikuwa ameshafagia kona ya kuiweka.

Tukaiacha, tukaenda Uvira kwenye duka la frigo. Usifikiri mwenye butike alinibabaisha na karatasi yake yenye mihuri. Muhuri hata mimi naweza kuupiga. Nikamwuliza, motor imo ndani ya garanti au ni mlango tu? Na nani analipa boti mpaka Baraka? Akaanza kujikuna shingo. Nikamwambia, "Papa, nionyeshe fasi munatengenezea." Akatupeleka nyuma. Fundi mmoja mnene wa miwani alikuwa anafungua motor, na vipuri vya frigo ileile vimepangwa ukutani. Hapo ndipo nilipokubali kukaa kitako. Tukapatana: ikiharibika fundi atakuja, safari tutagawana nusu kwa nusu, na ikaandikwa. Frigo tuliyoweza kuinunua ilikuwa ndogo. Furaha alinuna njia nzima ya kurudi.

Jirani yetu, yeye, aliagiza ileile kubwa ya kwenye telefone. Inagandisha mpaka leo, na maji yake ya baridi nimeyanywa mimi mwenyewe. Kila tukipita pale Furaha ananitupia jicho, wee! Nikawa naangalia pembeni.

Halafu, karibu na Pasaka, yetu ikafa, imejaa samaki. Furaha alipiga magoti mbele yake analia. Akapiga simu Uvira. Na mimi niliogopa, sikufichi. Niliogopa kwamba nimemponza mtoto wangu kwa mambo ya zamani. Samaki tukawapaka chumvi, tukawaanika, tukangoja.

Siku ya pili yake yule fundi wa miwani akashuka kwenye boti, suruali imelowa mpaka magotini. Akabadilisha kipande, akachukua nusu ya pesa ya safari tu. Furaha akamwambia aksanti, sasa akapumzike. Akakataa. "Bado. Muniwekee kwanza mayi ndani, nione imekuwa barafu." Akavuta kiti kidogo, akakaa mbele ya frigo, anangoja.

Nikamtazama pale alipokaa, na nikamwona baba yangu ndani ya mtumbwi wa mtu, anatazama chini. Machozi yakanitoka, Furaha akadhani ni moshi. Nikaingia jikoni nikampikia yule mtu.

Sasa nisikilize, mwanangu, wewe unayeshika telefone hata ukiwa unakula. Sikukatazi vya bei rahisi. Redio, taa, vile vidude vya masikioni, agiza unakotaka. Vikifa utanuna siku mbili, utasahau. Lakini kitu kinacholisha nyumba, kabla hujatuma pesa jiulize: kikifa, naweza kubaki bila hicho kitu na bila pesa yangu? Ukiona unaweza, jaribu bahati yako, pengine utapata kama jirani yetu. Ukiona huwezi, basi ile bei ya juu usiichukie, ndani yake mna safari ya fundi. Uliza garanti ni ya nchi gani, inafunika nini, nani analipa njia. Omba kuona mahali wanapotengenezea. Na ukijibiwa kwa kidole gumba, zima telefone ukalale.

Mungu abariki mikono yako, na pesa unayoipata kwa jasho isiangukie kwa mtu asiye na mlango. Vitu vyako vidumu. Na siku vitakapokufa, maana vitakufa tu, asikosekane mtu wa kulowa magoti akishuka kwenye boti kwa ajili yako.