Waume Waliofufuka Kisian

Mjukuu wangu Debra alipokuwa akisomea sosholojia chuo kikuu, nilimuuliza hayo ni masomo ya nini. Akasema ni kuchunguza jinsi watu wanavyoishi na watu. Nikamwambia kazi hiyo naifanya tangu niote matiti, tena bila kulipa karo. Akacheka, lakini hakuacha. Huyo msichana hajui kuacha kitu. Akiwa mdogo alimshika kambare mkia, kambare akamvuta mpaka Uganda, naye akarudi naye nyumbani. Usiniulize alipitia wapi.

Mwaka wa mwisho ilibidi afanye utafiti wake mwenyewe. Akachagua wanawake wanaokausha omena, wale dagaa wa ziwa letu, ufuoni kule chini ya Kisian. Alitaka kujua nani huamua mambo nyumbani siku hizi samaki wamepungua, mume au mke. Akavaa kitambulisho cha chuo shingoni, akabeba karatasi za maswali, akaenda nyumba kwa nyumba. Kila mwanamke akamwambia ni mjane.

Hapa kwetu, mtu akija na kitu kinaning'inia shingoni, huyo ni mradi. Na miradi hupenda wajane: huwapa mbuzi, huwapa mabati. Debra aliwaambia hana cha kugawa, lakini watu wa miradi wote huanza kwa kusema hivyo. Seline, ambaye wanawake wote wa pale humsikiliza, alijifuta machozi akieleza jinsi Opondo wake alivyochukuliwa na ziwa. Wakati huo Opondo alikuwa nyuma ya nyumba akikohoa. Debra akauliza ni nani huyo. Seline akasema ni mbuzi.

Mwalimu wake, Daktari Wakhungu, akaisoma kazi ile na kumuuliza: kama ufuo mzima hauna mume hata mmoja, hizo omena zinavuliwa na nani? Akampa wiki mbili. Asipoleta ukweli, hatahitimu na wenzake.

Alikuja kwangu macho mekundu. Nilidhani atalia. Akaketi, akanywa chai, akafikiri.

"Dani," akaniita, maana ndivyo tunavyomwita bibi, "mtu akifiwa na mume, majirani hufanya nini?"

"Huenda kumlilia marehemu."

"Basi twende tukamlilie Opondo."

Ninyi mnaoishi kule mjini Milimani, kwa matajiri, labda mmesahau: kumlilia mtu aliye hai ni mwiko mkubwa. Ni kukiita kifo na kukionyesha mlango. Nikamwonya. Akasema yeye ameambiwa mtu amekufa, na adabu ni adabu. Hapo nikajua damu yangu haijapotea bure.

Tukaenda asubuhi, Debra na kuku kwapani, kitambulisho amekiacha nyumbani. Nilianza kulia langoni, mikono kichwani, kwa sauti iliyowatoa viboko majini wakaja matanga. Nililia kwa mdomo tu. Machozi niliyafungia ndani, maana miiko naijua. Nikamsifu Opondo, dume lililovuta mitumbwi kwa meno. Nyuma ya nyumba, kimya. Nadhani alikuwa akifurahia. Seline hakujua aangalie wapi. Basi nikageuza wimbo, nikataja jinsi marehemu alivyoogopa mawimbi. Bado kimya. Nikauliza kwa sauti kaburi litachimbwa upande gani.

Opondo akatoka mbio, shuka kiunoni.

"Mama, nyamaza, utaniua."

"Kumbe mbuzi anaongea," Debra akasema.

Wanawake waliokuwa wakianika omena walicheka mpaka wakakaa chini. Debra hakucheka. Akampa Seline kuku, kwa sababu kuku wa matanga harudi alikotoka.

"Mama, sina mbuzi wala mabati," akamwambia. "Nina maswali tu. Bila ninyi sihitimu. Mkinidanganya tena, nitarudi tena."

Seline akamfunga kuku miguu. "Basi shika hizo omena tugeuze. Hapa hatuongei mikono ikiwa imelala."

Wakageuza omena mpaka jua likawa kali, na ukweli ukatoka: mtumbwi ni wa Seline, na neno la mwisho pia. Opondo huupiga kasia tu, ndiyo maana ilikuwa rahisi kumuua.

Tulipoondoka, mwanamke wa nyumba ya pili akatukimbilia.

"Debra, njoo kwangu kabla bibi yako hajafungua mdomo. Wangu pia amefufuka."

Daktari Wakhungu aliikubali kazi hiyo. Siku ya mahafali Opondo alikuja amevaa suti, akamwambia kila aliyeketi karibu naye kwamba yeye ndiye marehemu.