Ukuta Uliolowa Kiangazi

Mke wangu alikataa kurudi nyumbani mpaka bafu liwe ndani ya nyumba. Nianze na hilo, maana nikianza na nyumba yenyewe nitapotelea kwenye udongo na paa, na huko sitoki leo.

Alikuwa Kigwa, kwa binti yetu. Alikuwa ameteleza uani hapa Kwihara akienda kuoga kwenye uzio wa mabua ulio nyuma, nyonga ikashtuka. Binti akaja kumchukua, wakapanda treni, nikabaki na kuku. Nyonga ikapona. Akatembea, akapalilia karanga, akacheka na majirani wa kule. Lakini kila nikimpigia simu, swali lilikuwa moja.

"Umejenga bafu?"

Nikisema bado, anampa binti simu.

Mtu mwingine atasema ni deko. Mimi sisemi hivyo. Tumezeeka kwenye vyumba vya watu, mimi na yeye. Nilikuwa kwenye genge la reli, wale wa kukaza bolti na kushindilia kokoto chini ya mataruma, tukakaa kota, halafu tukapanga Tabora mjini, chumba hiki na chumba kile. Bafu moja wapangaji wote, bila komeo, na mtu akiwa ndani anakohoa ili ujue yupo. Yeye ameoga kwa kukohoa karibu maisha yake yote. Hii ya Kwihara ndiyo nyumba yetu ya kwanza, nayo tumeipata meno yakiwa yamepungua. Kwa hiyo aliposema bafu ndani, nilielewa. Kitu ambacho sikukielewa ni bafu lenyewe.

Na kulikuwa na jambo jingine baya zaidi. Kwetu mama mkwe na mkwilima, yaani mume wa binti, hawatazamani usoni, hawapishani mlangoni, na wakiwa na neno wanampa mtu wa tatu alibebe. Ni heshima, si ugomvi. Sasa mama mkwe amehamia kwa mkwilima. Kijana wa watu akawa anaingia nyumbani kwake kwa kuzunguka nyuma, anapita kwenye zizi la mbuzi, anakohoa, anasubiri, kama mtu aliyekuja kuiba kwake mwenyewe. Binti aliniambia hilo kwa simu kwa sauti ndogo. "Baba, fanya haraka. Mume wangu amezoeana na mbuzi kuliko mimi."

Basi.

Nyumba hii ilikuwa tembe. Wasiojua, tembe ni ile nyumba ya zamani ya huku kwetu yenye paa bapa la miti na udongo juu. Aliyetuuzia alishusha udongo wa paa akaweka bati, kuta akaziacha vilevile, za tofali za udongo mbichi, nene kiasi cha mtu kuweza kulala juu yake. Nyumba ya baridi nzuri. Mimi nilizaliwa kwenye tembe. Masika ikianza, mama anapanga masufuria sakafuni, baba anapanda juu na jembe kuongeza udongo pale panapovuja. Kwa mtu aliyekulia humo, maji ni kitu cha juu. Yanatoka mbinguni, yanapita kwenye paa, yanakuangukia kichwani. Hakuna aliyewahi kunifundisha kwamba maji yanaweza kukujia kutoka ubavuni.

Nilimleta fundi kutoka mjini. Tulichagua stoo ya karanga iliyopakana na chumba chetu cha kulala, mlango unatokea humo humo chumbani, ili mama, yaani mke wangu, asivuke uwanja. Fundi akachimba sakafu, akatandika nailoni nzito, akamwaga zege lililochanganywa na unga wa dawa ya kuzuia maji, akasema sakafu hii hata ukiiweka ziwani haipitishi tone. Nikamuuliza, na ukuta je?

"Mzee, maji yanashuka. Umeshaona maji yanapanda?"

Sikuwa nimeona. Akapiga lipu ukuta wa udongo, akabandika marumaru nyeupe mpaka kifuani, akafunga bomba, choo cha kukaa, na tundu la kutolea maji pembeni. Jinsi mlivyong'aa mle ndani, niliona aibu kuingia na viatu. Msimu wa tumbaku ulipoanza akaenda zake Ulyankulu kulima, na simu yake haikupatikana tena.

Nikampigia mama. "Bafu tayari."

"Umeoga humo?"

"Naingia sasa hivi."

Nikaoga. Nikaoga kesho yake pia, nikaimba na kuimba. Baada ya siku kadhaa nikiwa nimelala nikageuka upande wa ukutani, nikagusa kitu cha ubaridi. Ukuta wa chumbani ulikuwa umelowa, ule unaotutenganisha na bafu. Doa lenye ukubwa wa ungo. Na ilikuwa kiangazi, nyasi zimekauka, wingu hakuna hata la kuombea.

Sasa wewe ungefanya nini? Mimi nilipanda kwenye bati.

Niliazima ngazi kwa jirani, mzee mwenzangu, nikabeba kopo la lami, nikaziba kila tundu la msumari. Niliyakuta matundu, ndiyo maana niliamini. Nikashuka, nikaoga kuondoa lami, nikalala. Asubuhi doa limekua. Nikapanda tena. Jirani akaja akasimama chini, mikono nyuma.

"Mwenzangu, unaziba nini huko?"

"Panavuja."

"Panavuja nini? Jua?"

Akaondoka anacheka, na kicheko chake nilikisikia mpaka kisimani. Nami bado sikuelewa. Nikafikiri labda ni maji ya masika iliyopita yaliyojificha ndani ya udongo yakisubiri. Nikafikiri labda ni umande. Ipo siku nilifikiri ni mizimu ya wenye nyumba wa zamani haijaridhika, nikamwaga unga kidogo mlangoni na kusema maneno mawili matatu, halafu Jumapili nikaenda kanisani kama kawaida. Kila nilipokuwa na mawazo mazito niliingia bafuni kuoga ili nitulie. Doa likafika kiunoni, udongo ukaanza kumeguka kama mkate uliochovywa kwenye chai. Huku mama ameshaanza kufunga mizigo.

Mkwilima akaja kuniletea gunia la mahindi. Yeye kazi yake ndiyo hiyo hiyo, uashi na mabomba, na utauliza kwa nini sikumwita tangu mwanzo. Sikumwita kwa sababu ya adabu. Utamwambiaje mkwilima akajenge mahali atakapovulia nguo mama mkwe wake? Hata kulitamka ni kazi.

Akaona lami kwenye shati langu.

"Shikamoo baba. Paa linavuja?"

"Marahaba. Linavuja chini."

Akanitazama. Nikamwonyesha ukuta kwa kupitia dirisha, maana chumbani hakuingia, ni chumba cha mama mkwe. Akauangalia sana. "Baba, ukioga doa linakuwa kubwa?"

"Naoga kila siku, kwa hiyo sijui nikiwa sijaoga linakuwaje."

Aliinamisha uso. Nadhani alikuwa anacheka, kwa heshima. Akanieleza kwamba marumaru ni nguo tu, maji yanapita kwenye maungio yake, nyuma yake kuna udongo mbichi, na udongo unanywa. Unanywa upande wa bafu, unatokea chumbani. Nikamwambia haya basi, ingia utengeneze. Akarudi nyuma hatua.

"Siwezi, baba."

Tukakaa kwenye kigogo nje, wote tumekwama. Yeye akatoboa ardhi kwa kijiti. Mwishowe akasema, "Mama ameshaoga humo?"

"Hajafika hata kuliona."

"Basi bado si bafu lake. Bado ni stoo ya karanga." Akafikiri zaidi. "Tutatoboa mlango wa muda kwa nje, nisipite chumbani. Lakini akishaoga mara moja tu, baba, mimi humo siingii tena mpaka nife. Likivuja baada ya hapo, utatafuta mtu mwingine."

Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Maana yake tulikuwa na nafasi moja.

Alibomoa. Akang'oa marumaru, akatoa tofali za chini zilizokuwa tope, akaweka za kuchoma. Akauacha ukuta upigwe na upepo, nami nikakatazwa kuoga ndani, nikarudi kwenye uzio wa mabua na kikohozi changu. Ulipokauka akapigilia wavu wa kuku ili lipu ishike kwenye udongo, akapiga lipu yenye dawa, halafu akapaka dawa nyingine nzito kama uji wa ulezi, sakafuni na ukutani mpaka juu ya kichwa changu. Kwenye kona alilaza vipande vya kitambaa ndani ya dawa hiyo. Mteremko aliupima kwa pima maji, kila mara akinionyesha lile povu la katikati. Mimi nililiona povu, lakini lilikuwa linaniambia nini sikujua, nikaitikia tu.

Alikuwa anamalizia mabomba mama alipofika. Hakuniambia. Niliona bodaboda inasimama, akashuka na kikapu, akavuta kiti akakaa uani, bafu amelipa mgongo. Mkwilima akaganda ndani.

"Huyo aliye ndani ni nani?" mama akauliza, na alikuwa anajua.

"Mkweo."

"Mwambie mwangaluka."

Nikasogea mlangoni na hiyo salamu ya kwetu ya asubuhi. "Mama anasema mwangaluka."

"Mwangaluka, mama. Mwambie hivyo, baba."

"Anasema..."

"Nimesikia. Mwambie hilo bomba nililoliona kwenye picha aliyomtumia mkewe liko juu sana. Mimi si twiga."

"Baba, mwambie mama la juu ni la wanaosimama. La ndoo liko chini."

"Anasema la ndoo..."

"Sijawa kiziwi, mzee. Mwambie nimesikia."

"Mama amesikia."

"Nimesikia kwamba amesikia, baba."

Nikawa nakwenda na kurudi kama ndoo ya kisimani, natoa jasho, nabeba maneno ambayo kila mtu alikuwa ameshayapata. Halafu mama akashika nyonga yake. Akasema polepole kidogo, "Mwambie... mimi kusimama muda mrefu siwezi siku hizi. Kama ingewezekana pa kukalia."

Nikaanza kufikiri jinsi ya kumwambia kwamba dawa imeshapakwa, hakuna kubomoa tena.

"Baba, mwambie mama kipo. Kile kibaraza ulichodhani ni cha kuwekea ndoo, nilikijenga kabla ya dawa. Nimepima kigoda chake cha Kigwa, urefu ule ule."

Mtu asiyemtazama usoni. Mama hakugeuka. Alivuta ncha ya kitenge, akajifutia uso, akaniambia nyumba hii ina vumbi sana, sifagii?

Tuliziba tundu la kutolea maji, tukajaza maji sakafuni kama bwawa, tukayaacha yalale. Kesho yake kina hakikupungua, ukuta wa chumbani mkavu. Marumaru zikarudi, mlango wa nje ukazibwa kwa tofali. Mkwilima akakusanya vifaa vyake, akakaa kwenye kile kigogo, mbali, akisubiri. Hakuaga.

Mama akaingia kuoga. Mimi nikakaa kitandani, kiganja ukutani.

Maji yakaanza. Hakukohoa. Nilisubiri akohoe, kwa mazoea, hakukohoa.

"Upo hapo?" akauliza kutoka ndani.

"Nipo."

"Ukuta unasemaje?"

"Sijui."

Na kweli sikujua. Ulikuwa wa baridi, lakini ukuta wa udongo daima ni wa baridi. Nikahamisha kiganja, pale nilipokitoa pakaonekana alama ya unyevu, vidole vitano. Ni maji ya bafu au ni jasho langu? Nikaifuta, ikatoka nyingine. Nimeishi kwenye kuta za watu miaka yote, wala sikuwahi kujali zinanywa nini.

Alitoka amejifunga kitenge, anang'aa. Akaangalia ile alama, akaangalia mkono wangu. Akatungika kitenge cha pili kwenye msumari wa ukuta ule ule, akafungua kikapu, akaanza kupanga nguo zake kabatini.

Nje mkwilima akakohoa. "Baba? Vipi huko?"

Nikamtazama mama. Aliendelea kukunja nguo.

"Mwambie akifika Kigwa," akasema, "aingie kwake kwa mlango wa mbele."

Nikatoka kwenda kumwambia, huku kiganja changu kina baridi bado.